Data Yako Imepita Wapi?

Hotuba hii ilitolewa Kisumu mbele ya mafundi wa intaneti, wenye saiba na wanafunzi wa vyuo vya ufundi. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, akina mama, walimu, mafundi, vijana: hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Nianze na swali. Mtu aliye Dunga, hapa hapa Kisumu, akimtumia mwenzake wa Kondele ujumbe wa sauti, ujumbe huo unapita wapi? Kwa bodaboda ni mwendo wa dakika chache. Kwa simu je?

Wengi hujibu upesi: hewani. Wengine husema uko kwenye wingu. Ndugu zangu, hewani ni pale mwanzo na mwisho tu, kati ya simu na boosta iliyo karibu, labda kilomita moja, labda tatu. Kuanzia hapo mara nyingi ujumbe unaingia kwenye uzi wa kioo mwembamba kama unywele, ndiyo faiba. Unashuka Nairobi, na mara nyingi unaendelea hadi Mombasa, unaingia baharini, unapanda Bahari ya Shamu, unafikia seva, yaani kompyuta inayotunza na kugawa data, Ulaya, halafu unageuka na kurudi njia hiyo yote hadi Kondele. Dunga hadi Kondele kupitia Ulaya!

Mtandao una mahali. Hilo ndilo nililokuja kusema, na nitalirudia. Una barabara zake, una njia panda zake, una vituo vyake, una sehemu zinazokatika mvua ikinyesha. Na sisi wa upande huu wa ziwa tuko mwisho wa kamba ndefu iliyofungwa baharini.

Tuanze na umbali, kwa sababu watu wengi wameambiwa kwamba intaneti imeua umbali. Haijauua. Kabla ya 2009 Kenya haikuwa na kebo hata moja ya faiba ya baharini. Mawasiliano ya nje yalikuwa yakipitia setilaiti, na mlango wake mkuu ulikuwa kituo cha Longonot, kilichofunguliwa 1970 kule Bonde la Ufa. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu: kupanda ni karibu kilomita 36,000, kushuka ni 36,000 nyingine, jumla 72,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo swali pekee linakula milisekunde 240 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na jibu linakula 240 nyingine. Karibu nusu sekunde imekwisha kabla seva haijafanya kazi yoyote. Ndiyo maana waliowahi kupiga simu ng'ambo enzi hizo wanakumbuka kuongea wote wawili kwa pamoja, kisha kunyamaza wote wawili kwa pamoja.

Mwaka 2009 zikafika Mombasa kebo za baharini SEACOM na TEAMS, mwaka uliofuata ikaja EASSy, na nyingine zikafuata. Mwanga ndani ya kioo huenda polepole kuliko hewani, takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Fundi, shika kipimo hiki kichwani: kilomita 200 kwa kila milisekunde moja. Kutoka hapa hadi Nairobi kwa barabara ni kama kilomita 350, basi kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde tatu na nusu. Kwa kweli utapata nane, kumi, kumi na mbili, kwa sababu kebo hainyooki kama mshale na kila rauta njiani, kile kifaa kinachoelekeza data, inachukua chake. Kwenda Ulaya na kurudi, ukipata milisekunde 150, usimgombeze mtu. Hapo unapigana na maumbile.

Kwa nini mwenye saiba ajali milisekunde? Kwa sababu ukurasa mmoja hauendi safari moja. Kwanza kompyuta inauliza anwani ya seva. Kisha inabisha hodi. Kisha wanakubaliana juu ya ufunguo wa siri. Kisha ndipo inaomba ukurasa wenyewe. Safari nne kabla ya herufi ya kwanza! Zikiwa za milisekunde kumi kumi, ni 40, hakuna atakayehisi. Zikiwa za 150, ni 600, na bado picha hazijaanza kuitishwa. Sasa mteja analalamika, na wewe unakimbia kununua kasi kubwa zaidi, unatoka megabiti 10 hadi 40. Je, Ulaya imesogea? Haijasogea. Umepanua barabara, hukuifupisha. Kasi ya megabiti itakusaidia video na mafaili makubwa, na itakusaidia watu wanapokuwa wengi. Fomu inayofunguka polepole kwa sababu seva yake iko mbali itabaki polepole vilevile.

Jambo la pili ni njia zenyewe. Waya hufuata njia iliyokwisha kupasuliwa. Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani hapa Desemba 1901, wakati mji huu ukiitwa Port Florence, na nyaya za telegrafu zilisimama kwenye milingoti kando ya reli. Leo ukitafuta faiba utaikuta imezikwa kando ya barabara kuu, au imening'inia kwenye milingoti ya stima, au imefichwa ndani ya ule waya wa juu kabisa wa laini za umeme mkubwa, unaozikinga dhidi ya radi. Sababu yake ni ya mfuko: anayechimba anataka ardhi ambayo tayari ina ruhusa ya kupita. Kwa hiyo kampuni zinazoshindana kwenye matangazo zinalala bega kwa bega kwenye mtaro mmoja.

Na mtaro mmoja unakatwa na tingatinga moja.

Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikakata TEAMS. Siku chache kabla yake nyaya nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Mtu wa Kakamega hajawahi kuiona nanga ile, hajui jina la meli ile, lakini barua pepe yake ilikwama. Februari 2024, Bahari ya Shamu tena. Tarehe 12 Mei 2024, upande wa kusini, SEACOM na EASSy zikakatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikahisi. Na kebo ya baharini haitengenezwi kwa siku moja. Meli maalumu lazima ipatikane, ipakie kebo, ifike mahali penyewe, iinue ncha moja kutoka chini, kisha ya pili, na mafundi waunganishe uzi mmoja mmoja wakiwa melini.

Baharini hatuna amri. Barabarani tunayo kidogo. Hospitali, sacco, chuo, au saiba kubwa inaponunua laini mbili ili moja ikizima nyingine ishike, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza: faiba yenu inatoka Kisumu kwa njia gani? Kupitia Kericho na Nakuru? Kupitia Kakamega na Eldoret? Kupitia Kisii na Narok? Uliza inaingilia jengo langu upande gani. Uliza ni yenu au mmekodi, na mmekodi kwa nani. Ukikuta kampuni mbili zimekodi uzi ndani ya kebo ile ile, umelipa mara mbili kwa laini moja. Afadhali faiba moja na laini ya redio, au faiba moja na setilaiti, kuliko faiba mbili kwenye mlingoti mmoja. Hizi setilaiti mpya zinazoruka kama kilomita 550 tu zimeondoa ule mzigo wa kuchelewa wa enzi za Longonot, lakini nazo hushusha data kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kina mahali. Uliza kiko wapi.

Jambo la tatu, na hili linanigusa sana: mambo ya nyumbani yakae nyumbani.

Mwisho wa miaka ya 1990, ofisi mbili za Nairobi zilizotazamana zikiwa na watoa huduma tofauti, barua pepe kati yao ilipanda setilaiti hadi Marekani, ikashuka, ikapanda tena, ikarudi. Swali na jibu: karibu sekunde nzima, na kila biti ikilipiwa kwa dola. Watoa huduma wakakubaliana kukutanisha nyaya zao mahali pamoja, chumba kimoja chenye swichi, ili ya Kenya yabadilishane Kenya. Kikaitwa KIXP, yaani Kenya Internet Exchange Point, kikafunguliwa mwishoni mwa 2000. Haukupita muda kikafungwa kwa amri, kwa hoja kwamba kinavunja haki ya pekee ya Telkom Kenya ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Hebu tafakarini: kukataa kwenda Marekani kulionekana ni kuvunja haki ya anayekupeleka Marekani! Walibishana mwaka mzima na zaidi. Februari 2002 kikafunguliwa tena, na muda wa safari ukashuka kutoka mamia ya milisekunde hadi makumi na pungufu. Haikuzinduliwa setilaiti mpya. Swichi moja katika chumba kimoja ndiyo iliyobadilisha ramani.

Mfano wa pili mnaushika mikononi kila siku. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mama wa Dunga aliyemlipa mvuvi, mvuvi aliyemlipa fundi wa boti, hesabu zao zilikuwa zikiwekwa kwenye mitambo iliyokuwa Ujerumani. Pesa ya omena ilikuwa ikihesabiwa Ujerumani! Ni Aprili 2015 ndipo mitambo ilipohamishiwa Kenya. Namba ya kutuma haikubadilika, ujumbe wa kuthibitisha ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali.

Sasa tujiulize sisi. Je, chuo cha hapa kina sababu gani ya kuweka video za masomo kwenye seva ya ng'ambo, kisha wanafunzi 300 walioketi jengo moja wazivute zote kutoka huko? Video ya megabaiti 200 mara 300 ni gigabaiti 60. Zote zimepita Mombasa, Nairobi, Nakuru, kuja kwenye chumba kimoja. Kompyuta moja ya kawaida yenye diski ya terabaiti mbili, ikiwekwa kwenye swichi ya gigabiti ndani ya chuo, inaivuta video mara moja usiku na kuwagawia wote mchana, hata siku ambayo nje kumekatika. Saiba nayo: weka kihifadhi cha majibu ya anwani (DNS cache) kwenye rauta yako, ile safari ya kwanza kati ya zile nne iishie dukani. Unayejenga tovuti ya biashara ya hapa, kodisha seva Nairobi. Ukikosa, Cape Town au Johannesburg ni karibu kuliko Marekani. Wakubwa wenyewe wanalijua hili, ndiyo maana kampuni za video na mitandao ya kijamii zimeweka maghala yao ya akiba Nairobi. Video maarufu inakufikia upesi kwa sababu iko Nairobi. Tovuti ya jirani yako inachelewa kwa sababu iko Texas.

Na kilicho cha karibu si mitambo tu, ni maneno pia. Pale Lanet Umoja, Nakuru, marehemu Chifu Francis Kariuki alikuwa akiwaandikia watu wake kwenye Twitter, kwa Kiswahili, kwa maneno machache, nao wakiyapokea kama SMS kwenye simu za kawaida bila intaneti. Mwaka 2012 habari zake zilienea duniani: wezi walikuwa wamevamia nyumba ya mwalimu alfajiri, chifu akaandika, majirani wakatoka kwa wingi, wezi wakakimbia. Angalieni alichofanya. Alitumia mtambo wa Marekani kufikisha habari kwa majirani wa hapo hapo. Habari ile haikuwa na maana yoyote nje ya Lanet, na ndani ya Lanet ilikuwa na maana kuliko kila kitu.

Jambo la nne ni ardhi yetu wenyewe, na hapa mafundi naomba tuketi kidogo.

Wengi wenu mnaunganisha shule, vituo vya afya na visiwa kwa redio za gigahazi 5.8. Mnapanda juu, mnaona mlingoti wa pili kwa macho, mnasema njia iko wazi. Macho yanadanganya. Wimbi la redio si uzi, ni kama mhogo: nyembamba kwenye ncha, nene katikati. Kwa umbali wa kilomita kumi, unene wake katikati ni mita 11 na nusu kutoka mstari wa katikati kwenda kila upande. Asilimia 60 ya hiyo lazima iwe tupu, yaani mita saba juu ya mti mrefu kuliko yote pale kati. Ongeza mita moja na nusu kwa mviringo wa dunia. Sasa mti wenyewe ni mkaratusi, unaokua mita mbili na zaidi kwa mwaka. Laini uliyoifunga Januari kwa ubora wote itaanza kuyumba mwaka wa pili, itakufa wa tatu, na utabadilisha redio bure, utabadilisha antena bure, na shida ni shamba la jirani. Pima miti ya katikati kabla hujapandisha mlingoti, ongeza ukuaji wa miaka mitano, halafu ndipo uamue urefu.

Ukivuka maji kwenda Rusinga au Mfangano, miti si shida yako tena. Shida ni ziwa. Uso wa maji ni kioo. Wimbi moja linakwenda moja kwa moja, la pili linagonga maji na kufika likiwa limechelewa kidogo, na saa nyingine hayo mawili yanaangamizana. Dalili yake ni hii: ziwa likitulia asubuhi ishara inaanguka, upepo ukivuruga maji mchana inarudi. Fundi asiyejua atalaumu stima. Dawa ni kurudisha mlingoti nyuma ya ufuo, ili ardhi, nyumba au miti ya karibu izibe ile njia ya kupitia majini na kuiacha ya juu, au kuweka upande mmoja juu sana na wa pili chini ili mahali pa kugonga pahame.

Halafu radi. Magharibi ya Kenya, kutoka Kisii na Kericho hadi Kakamega, ina ngurumo kwa wingi usio wa kawaida. Fimbo ya shaba ya ardhini iwe mita moja na nusu au zaidi, waya wa kuiunganisha uwe mnene, milimita 16 za mraba, unaoshuka bila kukunjwa kona kali. Pima: ukipata zaidi ya omu 10, ongeza fimbo nyingine, umbali kati yake usipungue urefu wa fimbo. Fimbo zote na ardhi ya stima ya jengo ziunganishwe pamoja. Ukiziacha mbali mbali, radi itatafuta njia kati yake, na njia hiyo ni rauta yako. Kebo ya mtandao inayoshuka kutoka juu iwe yenye ngozi ya chuma, na pale inapoingia nyumbani iwekewe kinga. Pesa zikiruhusu, kutoka mlingoti hadi nyumba tumia faiba isiyo na waya wa chuma ndani. Kioo hakibebi radi.

Nikiwa kwenye faiba: ile taa nyekundu ya LOS, inayosema mwanga haufiki, isikutishe kabla hujapima. Kampuni inatuma mwanga wa dBm 3 hivi (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga). Splita ya kugawa nyumba 32 inakula desibeli 17 na nusu, kilomita nane zinakula kama tatu, viungo na vichwa vinakula mbili. Unapaswa kupata karibu hasi 19 au 20. Kifaa cha nyumbani kinaanza kushindwa karibu hasi 27. Kwa hiyo una akiba ya desibeli saba, na mtu anaweza kuimaliza kwa msumari mmoja: kebo ikikunjwa kwenye kona ndogo kuliko duara la sentimita sita, mwanga unamwagika nje. Makosa mengine ni kichwa cha kijani kuchomekwa kwenye tundu la buluu. Kinaingia, kinashika, na kinapoteza mwanga, kwa sababu kimoja kimekatwa kwa mshazari na kingine kimenyooka. Usilazimishe. Na stima ikipotea, kifaa cha faiba pamoja na rauta vinakula kama wati 12 tu. Betri ya volti 12 ya Ah 7, ukitumia nusu yake ili isife mapema, inakupa saa tatu na nusu. Mara nyingi faiba yenyewe ni nzima, ila duka ndilo liko gizani.

La mwisho ni kupima. Fungua kompyuta, iunganishe kwa kebo, si kwa Wi-Fi. Kwanza pima rauta yako kwa ping, amri inayopima muda wa kwenda na kurudi: milisekunde moja au mbili. Ikizidi kumi, shida iko dukani kwako, usimpigie mtu. Kisha andika tracert, amri inayoonyesha njia, na jina la tovuti ya Kenya, kisha ya ng'ambo. Kila mstari ni kituo kimoja njiani. Tafuta pale namba inaporuka. Ikiruka kati ya mstari wa kwanza na wa pili, ni laini yako ya mwisho. Ikiruka kutoka kumi hadi 140 na kubaki hivyo hadi mwisho, hapo umevuka bahari. Ikiruka katikati kisha ikashuka tena, hakuna kilichoharibika, ni rauta yenye shughuli nyingi iliyochelewa kukujibu wewe huku ikipitisha mizigo ya wengine. Nyota tatu katikati ya orodha nazo si ajali, mara nyingi ni rauta iliyoambiwa isijibu. Na tovuti ya Kenya ikikuonyesha 150, umeshajua: ni ya Kenya kwa jina, seva iko nje.

Pima saa kumi na mbili asubuhi, pima tena saa mbili usiku. Namba za asubuhi zikiwa nzuri na za usiku zikiwa mbaya, njia ni nzuri ila imejaa, na hilo ndilo la kumwambia mtoa huduma, ukiwa na karatasi mkononi yenye tarehe na saa.

Wenye laptopu, kebo ziko kwenye meza ya nyuma. Tuanze na tovuti ya chuo chenu wenyewe, tuone iko wapi.